Stenlesi nayo hupata kutu: habari ya pini ya usukani

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na si kwa kupenda. UE zinanukia, vimbweta vinajaa tangu alfajiri, na ukichelewa kuamka unajikuta unapiga msuli umekaa kwenye ngazi. Ila leo naweka madesa pembeni kidogo, maana kuna jambo limenikaa kichwani na lazima nilitoe.

Jambo lenyewe ni stenlesi. Ndiyo, hii hii ya vijiko, masinki na mageti ya wenye nazo. Wengi wetu tunaamini stenlesi ni chuma cha aina moja, hakipati kutu, na mjadala umefungwa. Darasani tunafundishwa vingine, lakini mnajua tunavyosoma: unakariri jedwali, unalirudisha kwenye karatasi ya mtihani, ukitoka nje ya chumba umeshalisahau. Mimi safari hii nimelazimika kulielewa jedwali lile, kwa sababu kuna mashua moja huko Zinga ambayo ikilala, na mimi huku Mlimani nalala njaa. Bumu halitoshi, wenyewe mnalijua. Kinachojazia ni samaki wa Mjomba.

Kwa wasioijua Zinga: panda basi la Bagamoyo pale Makumbusho, pita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, halafu mwambie konda akushushe. Bahari iko upande wako wa kulia. Ni mahali pazuri sana pa kupumzika na mahali pabaya sana pa kuwa chuma. Upepo una chumvi usiku na mchana. Bati huanza kubadilika rangi mapema, misumari hulia machozi mekundu ukutani, na baiskeli ikilala nje msimu mmoja, mnyororo wake unageuka fimbo.

Sasa, Juni iliyopita, kusi limekolea, Mjomba alikuwa anarudi pwani na wenzake watatu. Pini ya chini ya usukani ikakatika. Usukani ukabaki unaning'inia kwa bawaba ya juu peke yake, mawimbi mawili matatu ukang'oka wote ukaenda zake. Wakashusha tanga, wakaongoza kwa kasia mpaka wakapata maji tulivu upande wa Mlingotini. Walifika salama, alhamdulillahi. Lakini kwenye simu sauti ya Mjomba haikuwa ile ninayoijua.

Kilichomuuma ni kwamba pini ile ilikuwa ya stenlesi. Alinunua fimbo yake kwenye duka moja mjini kwa bei ambayo, kwa maneno yake, ingemnunulia za chuma cha kawaida tatu na chenji ibaki. Akampelekea mhunzi wa pale pale kwetu, mzee ambaye wamekuwa marafiki tangu mimi sijazaliwa, akaipinda vizuri. Haikumaliza mwaka.

"Wewe mjomba," akaniambia (maana kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo), "si ndiyo unasomea machuma huko? Hebu nambie ukweli. Nimeuziwa bandia, au mzee kaniharibia?"

Hapo ndipo nilipoona uzito wa swali. Jibu moja lingempeleka Mjomba mjini kugombana na mwenye duka. Jibu la pili lingevunja urafiki wa miaka thelathini. Na vyovyote iwavyo alikuwa na fedha ya kununua fimbo moja tu nyingine, na watu wanne wangeitegemea baharini. Nikamwambia asiitupe ile iliyokatika, anisubiri nije.

Kwanza, stenlesi ni nini?

Tuanze na wale wa kozi nyingine, msije mkasema tunawatenga. Chuma kikichanganywa na kaboni kidogo unapata pua, yaani chuma kigumu cha nyundo na visu. Ukiongeza kromiamu kuanzia karibu asilimia 10.5, kinatokea kitu cha ajabu: kromiamu ya juu inaungana na oksijeni ya hewani na kutengeneza ngozi nyembamba mno, unene wa nanomita chache tu. Huioni kwa macho. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ukiikwaruza inajiziba yenyewe, mradi pawe na oksijeni na mradi kromiamu iliyopo mahali hapo iwe ya kutosha. Shikeni sana maneno hayo mawili, "mahali hapo". Kesi yote imelala humo.

Mwaka 1912 Wajerumani wa kiwanda cha Krupp, Strauss na Maurer, walikuwa wameshafika kwenye chuma chenye kromiamu na nikeli. Mwaka 1913 Mwingereza Harry Brearley, kule Sheffield, akapata chake chenye kromiamu karibu asilimia 12.8, na alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki, hakuwa na habari ya vijiko.

Tangu hapo watu wamekuwa wakiongeza viungo kama mama anavyounga mchuzi, na kila kiungo kina kazi yake:

Nikeli inabadilisha namna atomu zinavyopangana ndani, chuma kinakuwa laini kupinda na hakivunjiki ovyo. Ile maarufu inayoitwa 304 ina kromiamu karibu 18 na nikeli karibu 8 kwa mia. Ndiyo maana sufuria nyingine zimegongwa mhuri wa 18/8.

Molibdeni, asilimia 2 hadi 3 tu, inaipa 316 uwezo wa kupambana na chumvi. Chumvi ndiyo adui mkuu wa ile ngozi, inaitoboa vitundu vidogo vidogo kama nondo wanavyotoboa kanzu.

Manganisi na nitrojeni hutumika kupunguza nikeli ili bei ishuke. Ndiyo zile za jamii ya 200. Zinang'aa sawasawa na wenzao, lakini kromiamu yake kwa kawaida ni kidogo, na karibu na bahari hazidumu. Halafu wale mnaopima kwa sumaku dukani, samahani sana: jamii ya 200 nayo haishiki sumaku, kama 304 tu. Na 304 yenyewe ukiipinda ikiwa baridi inaanza kushika sumaku kidogo. Kwa hiyo sumaku inaweza kumpitisha mwizi na kumkamata asiye na hatia.

Salfa ikiwemo, chuma kinakatika vizuri kwenye mashine ya kukerezea, lakini kinachanika kikifuliwa cha moto, na baharini kinatoboka haraka.

Kaboni ndiyo tutakayoizungumza sasa. Kwenye chuma cha panga kaboni ni rafiki. Kwenye stenlesi ni mgeni anayetakiwa achungwe.

Mahali ilipokatikia

Nilipofika Zinga nikaishika ile pini. Ilikuwa imepindwa mfano wa kiwiko, upande mmoja umefungwa kwenye mashua, mwingine unaingia kwenye pete ya usukani. Nilitarajia imekatikia kwenye kona, maana hapo ndipo ilipopigwa zaidi. Haikuwa hapo. Ilikatika vidole viwili mbali na kona, mahali palipoonekana hapakuguswa kabisa na nyundo. Na pale ilipokatika uso wake ulikuwa wa chenga chenga, kama sukari iliyoshikana. Ukisugua kwa kidole, chenga nyingine zinadondoka. Kona yenyewe ilikuwa nzima, na ncha yake ya mbali ilikuwa nzima kabisa, bado inang'aa.

Nikabeba kipande nikarudi nacho chuo. Fundi wa maabara akaniruhusu kukitumia baada ya saa za prakitiko. Nilikisaga, nikaking'arisha, nikakipitishia umeme ndani ya asidi ya oksaliki kwa dakika moja na nusu, halafu nikakiweka chini ya hadubini. Kwenye ncha ya mbali chembe za chuma zilionekana safi, zimepangana kama vigae. Karibu na mkato kila chembe ilikuwa imezungukwa na handaki jeusi. Wadau, nimeona picha hiyo kwenye slaidi mara ngapi sijui. Kuiona kwenye pini iliyokuwa imebeba usukani wa ndugu yako ni habari nyingine.

Maana yake ni hii. Stenlesi ikikaa kwenye joto la kati, kama nyuzi 450 hadi 850 za Selsiasi, kaboni iliyomo inapata nguvu ya kutembea. Inakwenda kwenye mipaka ya chembe, inakutana na kromiamu, inaungana nayo. Na ina tamaa: kwa kila atomu 6 za kaboni zinatekwa 23 za kromiamu. Ukipiga hesabu ya uzito, gramu 1 ya kaboni inafunga zaidi ya gramu 16 za kromiamu.

Mtu atasema: sasa shida iko wapi? Chuma chenye kaboni asilimia 0.08 kitapoteza kromiamu asilimia 1.3 tu, kutoka 18 kinabaki na karibu 16.7, si bado inatosha? Ingetosha kama hasara ingegawanywa sawa. Fikirieni michango ya harusi. Mtaa mzima ukichangia, kila nyumba inatoa kidogo na maisha yanaendelea. Lakini kamati ikiwa na haraka ikagonga milango ya nyumba za barabarani tu, nyumba zile zinafilisika hata kama mtaa kwa jumla ni tajiri. Kromiamu inatembea polepole ndani ya chuma, haiwahi kuja kufidia. Basi ukanda mwembamba pembeni ya kila mpaka unabaki na kromiamu pungufu, ngozi yake ya kinga inakuwa dhaifu au inakosekana, na maji ya bahari yanaingia hapo hapo. Chembe zenyewe ni nzima. Kilichokufa ni kinachozishikanisha. Ndiyo ile sukari.

Kwa mhunzi

Jumamosi iliyofuata nikarudi tena Zinga, safari hii moja kwa moja kibandani kwa mzee. Mjomba alikuwa pale, amekaa mbali kidogo, hasemi sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuja kunihukumu."

Nikamwambia nimekuja kujifunza, na kweli nilijifunza. Nilimwomba anieleze alivyoifua ile fimbo. Akasema chuma kile ni kikaidi. Ukiweka ncha ya chuma cha kawaida motoni, upande unaoshika unakuchoma upesi. Hiki ncha inawaka nyekundu na huku bado unashika kwa mkono. Halafu kikiwa na moto bado kinabishana na nyundo, na ukichelewa kidogo kikapoa, kinaanza kuchanika pembeni. Kwa hiyo alikirudisha motoni mara nne.

Jamani, mzee alikuwa ananisomea sura nzima ya kitabu bila kukifungua. Stenlesi ya jamii ya 304 inapitisha joto kwa kiwango cha karibu theluthi moja tu ya chuma cha kawaida. Nikeli, kromiamu na hasa molibdeni vinakifanya kibaki na nguvu hata kikiwa chekundu, ndiyo ukaidi aliousema. Na dirisha la kukifua ni jembamba: viwandani huanza kwenye nyuzi 1150 hadi 1260 hivi na kuacha kabla hakijashuka kufika karibu 925. Juu ya 925 nyundo inavunja chembe za zamani na mpya zinazaliwa pale pale, ndogo na imara, na vitundu vilivyobaki wakati wa kuyeyushwa vinazibwa. Ndiyo faida ya kufua kwa moto. Ukiendelea kupiga chini ya hapo, chembe mpya haziwahi kuzaliwa na chuma kinachanika. Ukizidisha moto na kukiacha humo muda mrefu, chembe zinakuwa kubwa na baadhi ya chuma ndani kinabadilika mpangilio, napo kinachanika. Mzee alikuwa anajua mipaka yote miwili kwa rangi na kwa sauti ya nyundo.

"Na ulipomaliza, ulikipoozaje?"

"Nilikifukia jivuni, kipoe taratibu. Usiku kucha. Chuma kizuri hakipewi maji ghafla, kitapasuka."

Hapo ndipo. Kwa pua ya kawaida mzee yuko sahihi kabisa. Ukiitosa majini ikiwa nyekundu inakuwa ngumu na inaweza kupasuka kama biskuti, na ukiipooza jivuni inalainika. Lakini stenlesi ya nikeli sheria yake ni kinyume: ukiitosa majini kutoka kwenye moto mkali, nyuzi 1040 na kuendelea, inatoka laini, na kaboni yote imebaki imetawanyika haikupata muda wa kuiteka kromiamu. Jivu ndilo linaloipitisha polepole kwenye lile joto baya la kati.

Mzee hakuamini, na sikutaka aniamini mimi. Tukachukua kipande cha springi ya gari na kipande cha stenlesi. Vyote tukavipasha mpaka rangi ya chungwa inayoelekea njano, vyote tukavitosa kwenye pipa. Akakiweka cha springi kwenye fuawe, nyundo moja tu, kikakatika vipande viwili. Akaweka cha stenlesi, akapiga, kikapinda. Akapiga tena, kikapinda zaidi. Akakigeuza, akakitazama muda mrefu.

"Kumbe huyu ni mtoto wa mama mwingine," akasema.

Mjomba akacheka, mara ya kwanza siku ile, akasogeza kigoda karibu.

Tukaendelea kuongea. Na vidole viwili mbali na kona je? Kwa kuwa chuma kile hakisafirishi joto vizuri, kona ikiwa inawaka na ncha ikiwa ya baridi, lazima kuna mahali katikati penye nyuzi 600 au 700, wekundu wa damu iliyoganda. Mahali hapo palikuwa pale pale kila mara fimbo iliporudi motoni, mara nne, halafu usiku mzima jivuni. Hata kama angeitosa kona peke yake majini, ukanda ule ungekuwa umeshapata dhara. Jambo hilo hilo huwapata mafundi wa kuchomelea: kutu haiji kwenye mshono, inakuja pembeni yake.

Basi jibu la Mjomba likawa hivi. Kwa nilivyoiona chini ya hadubini, sehemu ambayo haikuguswa na moto ilikuwa chuma kizuri. Fundi ni stadi. Tatizo ni kwamba chuma cha aina moja kilitunzwa kwa desturi ya chuma cha aina nyingine, na hakuna aliyekiuza akasema, "hiki kikipata moto kinataka hivi". Mzee akasema tu, "Miaka yote hii nashika chuma, leo ndiyo naambiwa." Mjomba akamwambia, "Na mimi je, niliyekiramba bei?" Yakaisha hapo.

Fimbo ya pili

Ikabaki fedha ya fimbo moja. Niliwashauri 316L, na nieleze kwa nini, maana nimeshaulizwa na wawili watatu.

Herufi L ina maana kaboni haizidi asilimia 0.03. Kaboni ikiwa kidogo namna hiyo, hata ukanda ule wa katikati ukikaa motoni dakika kadhaa, hakuna cha kutosha cha kuiteka kromiamu. Njia nyingine ni kuweka titani au niobi, kama ilivyo kwenye 321 na 347. Hizo zinapenda kaboni kuliko kromiamu inavyopendwa, zinaitangulia na kuifunga. Lakini 316L ina molibdeni kwa ajili ya chumvi, na madukani ndiyo inayopatikana. Tulidai cheti cha kiwanda kinachoonyesha vipimo vya kromiamu, nikeli, molibdeni na kaboni. Duka la kwanza hawakuwa nacho, tukaondoka. La pili walikuwa nacho.

Mzee akaifua, safari hii kwa moto mkali, mapigo machache mazito, bila kuirudisha rudisha. Alilalamika kwamba huyu ni mkaidi kuliko yule wa kwanza. Nikamwambia ni molibdeni hiyo. Mwisho tukaipasha pini yote kwa usawa, siyo kona tu, tukaitosa yote kwenye pipa. Halafu tukaisaga gamba jeusi lote mpaka ikang'aa, kwa sababu chini ya gamba lile kuna tabaka lililopoteza kromiamu motoni. Viwandani hutumia asidi kali kwa kazi hiyo. Msijaribu nyumbani, zinakula mpaka mfupa.

Na sikumdanganya Mjomba kwamba sasa ni milele. Bahari yetu ni ya joto, ina chumvi karibu gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na 316L ikizama muda mrefu inaweza kutoboka, hasa mahali oksijeni haifiki: chini ya chaza, ndani ya pete, nyuma ya mbao. Wataalamu hupima kwa hesabu moja: kromiamu, jumlisha molibdeni mara 3.3, jumlisha nitrojeni mara 16. 304 inapata 18 hadi 20 hivi, 316 karibu 24, na kwa chuma cha kukaa ndani ya maji ya bahari daima watu hutafuta 40. Chuma cha 40 bei yake inanunua mashua. Kwa hiyo tukafunga na kipande cha zinki karibu, zinki iliwe badala ya chuma, na kila mashua ikipandishwa kukwanguliwa pini inachomolewa na kutazamwa.

Wazee wa pwani hii walijenga mitepe wakashona mbao kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja. Nikikaa Zinga naanza kuwaelewa.

Neno la wanachuo

Kuna kitu kinanisumbua zaidi ya pini. Mwaka 1978 Schmidt na Avery waliandika kwenye jarida la Science kuhusu wahunzi wa Buhaya, kwamba watu wa kule walikuwa wanatengeneza chuma chenye kaboni zaidi ya miaka 1500 iliyopita, kwa tanuri zilizopasha hewa kabla ya kuifikisha kwenye moto. Mkoa huo huo wa Kagera, wilaya ya Ngara, ndiko iliko nikeli ya Kabanga, ambayo mwaka 2021 serikali iliingia ubia wake kupitia Tembo Nickel kwa hisa asilimia 16. Karibu theluthi mbili ya nikeli ya dunia inaishia kwenye stenlesi. Liganga kule Ludewa kuna chuma chenye titani na vanadi ndani yake. Viungo vya mchuzi tunavyo, na mkono wa kupika tuliwahi kuwa nao. Halafu fimbo ya Mjomba inakuja na meli, na maelezo yake yamebaki huko ilikotoka.

Kibandani kwa mzee jedwali langu la darasani lilikuwa na kazi, na nyundo yake ilinieleza nusu ya jedwali niliyokuwa siioni. Sidhani kama mmoja wetu peke yake angemjibu Mjomba. Na wahunzi kama yule wapo Kariakoo, Tandale, Gerezani, Bagamoyo mjini, wanashika stenlesi kila siku kwa sheria za pua. Wenzangu wa CoET, likizo ndiyo hiyo inakuja. Nendeni na kipande cha springi na kipande cha stenlesi. Pipa la maji watakuwa nalo.

Mashua imerudi majini wiki ya tatu sasa. Jana Mjomba kanipigia, kasema usukani uko kimya, hauchezi. Kusi likirudi tutajua zaidi. Kwa sasa kanitumia ya vocha, na mimi narudi kwenye vimbweta kabla hawajanikalia nafasi.

Tuko pamoja. UE njema kwa wote.